Barua ya wazi: Mpeni mchongaji Lilanga nyumba yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa,
na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUANZISHWA MAKUMBUSHO MADOGO YA MAISHA NA KAZI ZA MCHONGAJI GEORGE LILANGA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa binti wa mchongaji. Baba yangu alichonga vinyago Mwenge, hapa Dar es Salaam, mpaka mikono ilipokataa. Hakuwa mtu wa kujulikana, na sikuja hapa kumwombea sifa. Ninayemwombea ni mwingine, ambaye baba mwenyewe akimtaja alikuwa anashusha sauti kidogo, kama mtu anavyomtaja kaka mkubwa aliyefika mbali: George Lilanga. Ila nitaanza na baba, kwa sababu ombi hili lilizaliwa siku nilipobeba sanduku lake.

Alipofariki aliacha sanduku la mbao lenye zana. Mlikuwa na matezo mawili, patasi sita, tupa moja iliyolika, rungu la kugongea patasi, na vipande vya msasa alivyokuwa akivikunja mara nne, vikabaki na mkunjo wake uleule. Tezo kubwa ndilo lililonitoa machozi. Mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho, na pale kidole gumba kinapokaa pamechimbika kishimo. Ukilishika, gumba lako linakwenda lenyewe mahali lilipokuwa gumba lake. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kupiga msasa wa mwisho na kupaka kiwi nyeusi, hii hii ya viatu, kisha kusugua kwa kitambaa mpaka kinyago king'ae. Kwa hiyo sauti ya lile tezo naijua kama wengine wanavyojua sauti ya adhana au kengele ya shule. Kwenye mti mwepesi inapiga kavu na kukatika. Kwenye mpingo inalia kama chuma juu ya chuma.

Niliona zana zile hazistahili kuozea uvunguni. Nikazipeleka kwenye ofisi moja ya umma inayoshughulika na mambo haya. Ofisa aliyenipokea alikuwa muungwana. Alinipa kiti, akanipa na maji. Akauliza vitu vile vina umri gani, nikamwambia. Akauliza vilikuwa vya nani, nikataja jina la baba. Akafungua daftari, akapitisha kidole, akalifunga. Akanieleza kwa upole kwamba wana fungu la vinyago vya makabila, lakini fungu la mchongaji mmoja mmoja hawana.

Nikamuuliza, "Na kama ningekuja na tezo la Lilanga?"

Alifikiri kwa muda. "Hata hilo, dada yangu, sijui ningeliweka wapi."

Nikarudi nyumbani na daladala, sanduku mapajani. Jibu lile halijaniacha mpaka leo.

Waheshimiwa, nadhani mnamjua, lakini barua hii itasomwa pia na vijana wasiomjua, kwa hiyo niruhusuni niseme. George Lilanga alizaliwa Masasi mwaka 1934, akakulia katika mila za Kimakonde. Husimuliwa kwamba alianzia kuchonga mizizi ya muhogo, na mimi nalipenda sana simulizi hilo, maana Kusini mtoto anaweza kukosa vyote asikose muhogo. Akahamia kwenye miti myepesi, kisha kwenye mpingo. Miaka ya 1970 akaja Dar es Salaam. Ndugu yake, Augustino Malaba, naye msanii, alikuwa Nyumba ya Sanaa, ile karakana iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. Lilanga akapata kazi pale. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi.

Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa ndiye aliyekuja kuwa mchongaji wetu anayejulikana kuliko wote duniani. Walimwona anachoweza, wakamwingiza ndani pamoja na wasanii. Akachonga, akachora kwenye ngozi ya mbuzi, akafanya batiki, akachapa michoro kwa bamba la chuma, na baadaye akashika rangi kali za mafuta akaanza kupaka vinyago vyenyewe: nyekundu, njano, buluu ya bahari ya mchana. Watu waliozoea weusi wa mpingo walishangaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Baadaye zikaingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi kule Geneva, ambao ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa ya sanaa ya sasa ya Afrika. Kisukari kilimsumbua, akakatwa mguu, na bado aliendelea kufanya kazi, vijana wakiwa pembeni yake. Alipofariki hapa Dar es Salaam mwezi Juni 2005, maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaliyoitwa Africa Remix yalikuwa yanazunguka Ulaya, na jina lake limo.

Sasa naomba mnijibu. Mtoto wa kidato cha pili wa Temeke, ambaye mwalimu wake amemtajia Lilanga darasani, Jumamosi akitaka kwenda kumwona Lilanga apande daladala ya wapi?

Zamani ningemwambia ashuke Upanga, aingie Nyumba ya Sanaa. Nilipelekwa pale na baba nikiwa darasa la nne. Nakumbuka harufu ya nta ya batiki, vitambaa vimeanikwa kwenye kamba vinadondosha maji ya rangi, na watu wamekaa chini wanafanya kazi bila kujali nani anapita. Baba alivua kofia mlangoni. Sikuwahi kumwona akivua kofia mahali pengine zaidi ya kanisani na msibani. Leo Nyumba ya Sanaa ile haipo. Sitaki kumlaumu mtu kwa hilo, miji hukua na viwanja vya katikati ya mji vina bei yake; lakini nyumba ile ilipoondoka haikuachiwa mrithi, na wale waliofanyia kazi pale wanapungua kila mwaka.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi ya jengo. Ni jina.

Pita madukani leo, iwe Mwenge, iwe kiwanja cha ndege, iwe hoteli yoyote ya pwani, uliza kinyago hiki ni cha nani. Utaambiwa, "Cha Kimakonde." Kana kwamba kabila zima lilikaa chini likashika tezo moja. Baba yangu alichonga zaidi ya miaka thelathini na hakuna hata kazi moja iliyoandikwa jina lake, kwa sababu wanunuzi walitaka kabila, hawakutaka mtu. Wenyewe tunajua kwamba kila mtindo ulianzia kwenye mikono ya mtu fulani. Mtindo wa shetani, yaani vinyago vya viumbe wa ajabu wa porini, ambao dunia nzima inadhani ni wa tangu enzi na enzi, unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyekuwa akichongea hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera akaipokea kazi yake ngeni badala ya kuikataa. Ile nguzo ya watu waliobebana, mmoja juu ya bega la mwingine mpaka juu kabisa, ambayo sasa tunaiita ujamaa na watalii wanaiita mti wa uzima, ilikuja na Roberto Yakobo Sangwani kutoka Msumbiji, naye aliiita dimoongo, yaani nguvu. Hao ni watu. Walikuwa na majina, na baba zao, na njia walizopita kuvuka Ruvuma wakienda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Dunia ikachukua vinyago, majina ikayaacha mtoni.

Lilanga ni mmoja kati ya wachache ambao jina lao lilivuka salama. Ndiyo maana naomba tuanze na yeye. Mtakaoniuliza mbona yeye na si Likankoa, na si Sangwani, na si John Fundi, jibu langu ni kwamba nyumba ya mtu mmoja inaufungua mlango ambao jumba la kabila haliwezi kuufungua. Mgeni akishaona kwamba kinyago kina mwenyewe, akatoka hapo akaingia duka lolote, atauliza cha pili ni cha nani. Na muuzaji itabidi ajue.

Waheshimiwa mawaziri, nimewaandikia wote wawili kwa makusudi, na hapa naomba mnivumilie. Makumbusho ya Taifa yako chini ya Maliasili na Utalii, pamoja na tembo na misitu. Wasanii wako chini ya wizara ya utamaduni, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa. Mpiga muziki hana shida na mpangilio huo. Mwigizaji hana shida. Mchongaji ndiye anayedondoka katikati: akiwa hai ni wa wizara moja, akifa vitu vyake vinatakiwa vihamie wizara nyingine, na njiani hapo hakuna wa kumpokea. Hata mti wake ni hivyo hivyo. Mpingo ukiwa porini ni mali ya misitu na una vibali vyake. Ukishakuwa kinyago ni sanaa. Ukifika kiwanja cha ndege ni bidhaa.

Sheria nayo inatazama nyuma sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Ni sheria nzuri kwa kazi yake. Bila hiyo milango ya Bagamoyo na Kilwa ingekuwa imekwisha kupakiwa melini yote. Lakini kazi iliyochongwa Upanga mwaka 1975 haina umri huo, na tukingoja iufikie, itakuwa imezeekea sebuleni kwa mtu ng'ambo. Sitaki mzuie biashara. Kinyago kimesomesha watoto wengi, na mimi ni mmoja wao. Naomba tu pawepo mahali pa kubakiza kimoja kati ya mia.

Ninachoomba ni kidogo, na nasisitiza kidogo. Sitaki jumba la ghorofa lenye vioo. Makumbusho ya Taifa yana eneo lake la Kijitonyama, Makumbusho ya Kijiji, ambalo tangu miaka ya 1960 linaonyesha nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kituo cha daladala cha hapo kinaitwa Makumbusho, kila kondakta wa Dar anakijua, na kutoka hapo mpaka wachongaji wa Mwenge ni mwendo mfupi. Mnaweza kuongeza nyumba moja humo, yenye vyumba vitatu na ua mkubwa. Masasi ina haki ya kumdai mtoto wake, na siku moja iwe na chumba chake; ila karakana yake ilikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ndipo watoto wengi watakapomfikia kwa nauli ya daladala.

Nieleze ninavyoiona, maana nimeiona mara nyingi usiku nikiwa macho.

Mtu anaingia kwa uani, na kabla hajaona kitu anasikia matezo. Chini ya kivuli wamekaa wachongaji wa kweli wa Mwenge, kwa zamu, wanafanya kazi yao ya kuuza kama kawaida. Mbele yao gogo la mpingo limepasuliwa nusu, mtoto anaona kwa macho yake kwamba mti ule nje ni mweupe unaoelekea manjano na weusi wote umekaa moyoni. Wengi hawajui, wanadhani tunapaka rangi. Pembeni pana ndoo ya maji na vipande viwili vya mti, cha mpingo na cha msonobari. Atumbukize vyote. Wa msonobari utaelea, wa mpingo utakwenda chini kama jiwe, na hapo ndipo atakapoelewa kwa nini mabega ya babu yake yalikuwa vile. Aambiwe pia kwamba mti huu huchukua miaka 70 au zaidi mpaka kukomaa, kwamba Ulaya wanatengenezea klarineti na obo, na kwamba miche iliyopandwa ukutani pale itakuja kuchongwa na wajukuu wa wajukuu.

Halafu benchi ya muhogo. Hili nalitaka kuliko yote. Benchi ndefu ya chini, beseni la mihogo iliyomenywa, na visu butu. Kila mtoto anayekuja achonge muhogo wake kama Lilanga alivyoanza. Achonge sungura, achonge mwalimu wake, achonge anachotaka, kisha aondoke nacho. Kitanyauka kesho yake. Hakuna neno. Mikono itakuwa imeshajua.

Vyumbani ndimo mtu mwenyewe. Zana zake kama familia itaridhia, picha zake, ngozi za mbuzi alizochorea, vinyago vya mpingo karibu na vile vya rangi ili tofauti ionekane. Pawe na kinyago cha lipiko, kile kinachovaliwa kichwani katika ngoma za jando, ili ionekane alitoka kwenye nini. Pawe na sauti: watu waliokaa naye karakana moja warekodiwe wakisimulia, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, mgeni asikilize akiwa amekaa kwenye kigoda. Hilo la sauti naomba lisisubiri jengo, waheshimiwa. Lianze mwezi huu. Jengo linaweza kujengwa hata baada ya miaka kumi, wazee hawawezi kungojwa miaka kumi.

Na maandishi ya ukutani yawe kwa Kiswahili kwanza. Nimeingia sehemu nyingi hapa nchini ambamo kinyago cha mzee wa Newala kinaelezwa kwa lugha ambayo mke wa mzee huyo hawezi kuisoma. Wageni nao watapata tafsiri yao, chini, kwa herufi zilezile.

Kuhusu kazi zenyewe msianze kwa kununua. Anzeni kwa kuomba. Zimo kazi za Lilanga katika nyumba za watu hapa mjini, na walionazo wengine wangefurahi kuona zimewekwa mahali pa heshima, japo kwa mkopo. Wakusanyaji wa nje nao waandikiwe rasmi. Asiyeweza kurudisha kazi anaweza kutoa picha nzuri na maelezo ya mwaka na vipimo. Daftari hilo peke yake litakuwa hazina. Jina la msanii likishakuwa na bei, kughushi hakuko mbali, na bila orodha inayoaminika ya kazi zake nani atasema hii ni yake na hii si yake? Kwa sasa swali hilo linajibiwa na wafanyabiashara wa Ulaya. Lingefaa lijibiwe Kijitonyama.

Najua litakaloniletea maneno ni mashetani. Nimelisikia kanisani, nimelisikia na kwa majirani Waislamu: serikali itajengaje nyumba ya mashetani? Nawaheshimu wanaosema hivyo, na naomba wanisikilize. Katika hadithi tulizosimuliwa na baba, nandenga na wenzake ni viumbe wa porini, wakorofi, wachekeshaji, wenye njaa, wanaomfuata mtu njiani. Ni majirani wabaya, hakuna anayewaabudu. Lilanga akawachukua akawaleta mjini. Watazameni: masikio kama majani ya mgomba, macho yametoka, mdomo mkubwa, tumbo mbele, miguu yenye vidole viwili au vitatu. Wanacheza ngoma, wanabebana, wanagombana, wanakunywa, wananong'onezana. Ni sisi. Ni mtaa wa uswahilini siku ya Jumapili jioni. Baba alikuwa mkatoliki wa misa ya asubuhi kila wiki, na juma zima anachonga mashetani. Nilipomuuliza kama haoni shida, aliniambia kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha, kisha akanipa msasa nimalizie masikio.

Fedha. Sina bajeti ya kuwawekea mezani na sitabuni tarakimu. Nitasema tu kwamba kazi ya kumtunzia mtu mmoja nyumba si ngeni kwenu. Butiama yapo makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yako chini ya Makumbusho hayo hayo ya Taifa. Zanzibar, Mji Mkongwe, mwaka 2019 yalifunguliwa makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa pale akaondoka bado kijana, na wageni wanaingia kwa kulipa. Mbali zaidi, Japani, katika mkoa wa Mie, mtu alijenga jumba zima kwa ajili ya sanaa ya Kimakonde. Japani, waheshimiwa. Mjapani aliona sababu ya kuvijengea nyumba vinyago vya Ruvuma.

Na upo mfano mmoja ambao ningependa wataalamu wenu wautazame kwa makini, kwa sababu ya udogo wake. Uingereza, katika mji wa wavuvi uitwao St Ives, aliishi mchongaji mwanamke, Barbara Hepworth. Alikuwa na nyumba yenye karakana na bustani, akafanya kazi humo tangu 1949 mpaka alipofariki kwa ajali ya moto mwaka 1975. Mwaka uliofuata, 1976, mlango ulifunguliwa kwa watu wote, kama alivyotaka mwenyewe. Sanamu zimebaki bustanini pale pale alipoziweka. Karakana imeachwa na zana zake na mawe ambayo hayakumalizwa. Hakuna ukumbi mkubwa, hakuna lifti. Mtu anasimama mlangoni pa karakana, anaona nyundo ilivyolazwa, anaelewa kazi. Kwao ulipita mwaka mmoja. Kwetu, tangu 2005, imepita zaidi ya miaka ishirini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lilanga amecheza kwao na amecheza ugenini, na waliomtunza ni wa ugenini.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, nimekuweka kwenye barua hii kwa ajili ya wale waliobaki Mwenge. Wengi ni watu wazima sasa. Vijana wao wanaendesha bodaboda, na siwalaumu. Gogo la mpingo limepanda bei, wateja hawaeleweki, na siku nyingine fundi anafunga bila kuuza hata kishikio cha funguo. Zamu za kuchongea Kijitonyama zingewapa mahali pa kuuzia na sababu ya kumfundisha mtu. Kama halmashauri inaweza kutenga eneo kwa mama lishe na kwa mafundi gereji, naamini inaweza kuwafikiria na hawa.

Wakurugenzi na maofisa mtakaoletewa barua hii na maelekezo ya "tafadhali shughulikia", nanyi nina ombi. Msiiweke kwenye jalada la kabila. Fungueni jalada jipya, juu yake muandike Lilanga, George, mchongaji. Hata likikaa tupu kwa mwezi mzima, litakuwa limeshaanza.

Kwa upande wangu, sanduku la baba lipo. Zana nimezipaka mafuta zisishike kutu, na msasa nimeuacha na mikunjo yake. Siku nyumba hiyo ikifunguliwa nitalileta, mkiona linafaa liwekwe uani kwa wachongaji walitumie, maana tezo likikaa bila kazi hupoteza ukali. Na Jumamosi nitakuja kwa kujitolea kwenye benchi ya muhogo. Kumenya naweza, na kumwonyesha mtoto jinsi ya kushika kisu ili asijikate, hilo nilifundishwa vizuri.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa mchongaji,
Mwenge, Dar es Salaam